Je, Wajua? Shokapu Haibebi Mzigo

Je, wajua kwamba shokapu za nyuma za pikapu hazibebi mzigo? Uzito hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kutuliza mdundo. Ndani yake pistoni husukuma mafuta kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Ndiyo maana shokapu hupata moto kwenye barabara yenye makorongo.

Ukizibadilisha nyumbani, badilisha zote mbili kwa pamoja. Weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, egemeza ekseli kwa stendi imara, usitegemee jeki peke yake. Nati za bushi za mpira zikaze mwisho, gari likiwa limekanyaga chini. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira hubaki umejipinda na kuchanika mapema.