Kulala Kambini Kando ya Ziwa

Likizo za shule zinapokaribia, vijana wa parokia na walezi wao huanza kupanga kambi kando ya Ziwa Babati. Huchukua turubai la kufunga kwenye miti, sufuria, gunia la mkaa, ngoma na gitaa. Huko hakuna bomba, hakuna choo, wala taa. Wapo pia wanaolala ziwani kwa ajili ya kazi: wavuvi wanaosubiri nyavu zao, na wenye mashamba wanaokesha vibandani ili viboko wasimalize mahindi. Katika ukurasa huu tunasema na wote hao, lakini zaidi na wazazi, kwa kuwa ninyi ndio mnaotoa ruhusa.

Kulala ufukweni si jambo geni katika nchi yetu. Wavuvi wa Pemba, hasa wa kisiwa cha Kojani, tangu zamani huondoka kwao na kukaa muda mrefu katika kambi za ufukweni ziitwazo dago. Watu hao wana utaratibu wao: wanajua watachota wapi maji ya kunywa na watajisaidia wapi. Sisi wa huku bara tunakwenda kwa siku mbili tu, kwa hiyo tunaona hakuna haja ya kujipanga. Lakini kupata kichocho hakuhitaji siku mbili. Dakika chache majini zinatosha.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ziwa lina saa zake. Adui wa mchana siye adui wa usiku. Watu wengi wanaokwenda ziwani humwogopa kiboko, nao wana haki ya kumwogopa. Basi hungoja jua la saa sita, viboko wakiwa wametulia majini mbali na kingo, ndipo watoto huachiwa waoge na kucheza pembeni penye majani. Saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa kichocho.

Tueleze sababu yake. Mtu mwenye kichocho hutoa mayai ya minyoo katika mkojo au choo kikubwa. Mayai yakifika kwenye maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humo humwingia konokono mdogo anayekaa kwenye majani ya pembeni. Ndani ya konokono vijidudu huongezeka sana. Jua linapopanda, tangu kama saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, hutoka kwa wingi na kuogelea wakitafuta ngozi ya mtu. Haihitajiki kidonda, wala si lazima kunywa maji hayo. Vinapenya ngozi nzima, yenye afya. Saa nyingine za siku si salama kabisa, ila hatari hupungua. Maji ya bahari hayana konokono hao, na ndiyo maana mvuvi wa dago anaoga baharini bila hofu ya ugonjwa huu. Mtu wa Babati asiige. Ziwa lolote la maji baridi lenye majani na konokono lihesabiwe kuwa na kichocho mpaka wataalamu waseme vinginevyo.

Vijidudu hivyo visipompata mtu hufa baada ya siku mbili hivi. Kwa hiyo maji yaliyochotwa bila konokono, yakafunikwa kwenye pipa kwa siku mbili kamili, yanafaa kuogea. Kwa kambi fupi ni rahisi zaidi kuyachemsha, au kuja na maji kutoka mjini. Ya kunywa ni lazima yachemshwe au yatiwe vidonge vya klorini, hata kama yamekaa siku mbili, kwa kuwa kutulia hakuui vijidudu vya kuhara.

Sasa tuje kwa kiboko. Magharibi ikiingia, hutoka majini kwenda kula majani, na alfajiri hurudi. Hupenda kupita njia zilezile usiku hata usiku. Anaweza kutembea kilomita kadhaa, kwa hiyo kuhamisha turubai hatua hamsini kutoka majini hakusaidii kitu kama umelifunga juu ya njia yake. Fikeni mchana, mtafute alama: mifereji iliyokanyagwa kati ya matete, nyayo pana, na kinyesi kilichotawanywa vichakani. Waulizeni wavuvi wa hapo, ambao wanazijua njia hizo kama mnavyojua njia ya kwenda kanisani. Laleni karibu na nyumba za watu, mahali pasipo na majani mabichi. Mtu asisimame kamwe kati ya kiboko na maji, maana kiboko akishtuka hukimbilia majini na kumpiga aliye mbele yake. Wala msijidanganye kwa unene wake. Anamshinda binadamu kwa mbio.

Mkiunganisha saa za kiboko na saa za kichocho, mtaona kwamba nafasi ya kwenda kuchota maji ni ndogo: asubuhi jua likiwa limeshatoka vizuri lakini kabla ya saa nne, na alasiri kuanzia saa kumi mpaka kabla jua halijakaribia kuzama. Achoteni watu wazima wawili wenye viatu vya mpira virefu, mahali peupe pasipo na majani. Baada ya hapo mtoto asitumwe ziwani, hata kama sufuria haijaoshwa.

Usiku ni zamu ya mbu wa malaria. Chandarua chenye dawa hakihitaji kitanda: funga kamba kati ya miti miwili, kitundike, kisha pindo zake zikaliwe na mkeka pande zote. Na kwa kuwa usiku wa Babati una baridi, hasa Juni na Julai, tunasisitiza hili: jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema au kibanda kilichofungwa. Hewa ya mkaa haina harufu ya kumwamsha mtu, na waliolala wanaweza kufa bila kukohoa hata mara moja. Ongezeni mablanketi. Kuhusu nyoka, vaeni viatu na mmulike tochi usiku. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba. Mguu utulizwe usichezechezwe, naye abebwe hospitali.

Kwa wale wanaosogea upande wa Ziwa Burunge na Tarangire kuna mbung'o, nao huuma mchana. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na Tarangire walirudi kwao na ugonjwa wa malale. Nguo za buluu na nyeusi huwavuta wadudu hao.

Habari ya choo watu huona aibu kuizungumza, lakini lazima tuizungumze. Mnamo Mei 2015 wakimbizi makumi ya maelfu kutoka Burundi walifika Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi mkoani Kigoma, kwenye ufuko mwembamba kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Walilala nje, vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa ni yaleyale ya ziwa. Kipindupindu kiliingia, maelfu wakaugua na watu zaidi ya 30 wakafa, huku meli ya MV Liemba na maboti yakiwahamisha wengine kwenda Kigoma mjini. Kambi ya vijana arobaini si Kagunga, lakini njia ya ugonjwa ni ileile: kutoka kichakani hadi majini, kutoka majini hadi kinywani.

Kwa hiyo kabla ya kufunga turubai, chimbeni shimo, angalau mita 30 kutoka ziwani, na pasiwe mahali mvua itakapoteremsha uchafu majini. Wekeni jivu pembeni, na maji na sabuni. Wavulana waambiwe waziwazi kwamba kukojoa ziwani ndiko kupanda kichocho cha mwakani. Akitokea wa kuhara, apewe mara moja maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hakuna, tieni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka kituo cha afya. Asisubiri kambi imalizike.

Mkisharudi nyumbani, angalieni. Mwasho wa ngozi siku ileile, au homa, kikohozi na uchovu majuma machache baadaye, vinaweza kuwa kichocho kinachoanza. Damu katika mkojo au choo huja baadaye. Wapo wanaosema mvulana akikojoa damu ni dalili ya kukua. Si kweli. Kwa wasichana mayai hukaa hata katika via vya uzazi, yakaleta maumivu na kutokwa damu, na wapo walioaibishwa bure kwa kudhaniwa wana ugonjwa wa zinaa. Kisipotibiwa kwa miaka mingi, kichocho huharibu kibofu hata kuleta saratani, au huharibu ini.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu wa mtu, na humezwa baada ya kula. Huua minyoo iliyokomaa lakini haiwezi sana michanga, kwa hiyo aliyeingia majini wiki iliyopita anaweza kuambiwa arudi baada ya majuma sita mpaka nane. Arudi kweli. Na kila mnapomleta mtoto mwenye homa, hata kama kipimo cha malaria ni safi, mwambieni mhudumu kwamba alilala ziwani, mtaje na tarehe, kwa sababu usoni mwake hatuwezi kuyasoma hayo.