Alibaki na Watoto Watatu

Ndugu msomaji, je, umepata kusikia habari za Janet Mondlane? Alizaliwa Marekani. Mwaka 1963 alihamia Dar es Salaam pamoja na mumewe, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Huko Kurasini, Temeke, aliongoza taasisi iliyosomesha vijana wakimbizi.

Tarehe 3 Februari 1969 mumewe aliuawa mjini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Janet alibaki na watoto watatu, wote wadogo. Wewe ungefanyaje? Ungerudi kwenu?

Yeye hakurudi. Alilea wanawe, tena akasafiri nchi za mbali kutafuta fedha za elimu na dawa. Kazi hizo mbili si ndogo kwa mtu mmoja! Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975. Ndipo alipohamia huko, nchi ya baba wa watoto wake.