Je, Wajua? Mota ya Gari Isiyo na Sumaku

Je, wajua kwamba mota inayozungusha mashine ya kusaga unga mtaani Nakuru kwa kawaida haina sumaku ya kudumu hata kipande? Ni mota ya induksheni, ambayo Nikola Tesla alipewa hataza yake Marekani mwaka 1888. Umeme ukipita katika koili za nje huunda uga wa sumaku unaozunguka, na uga huo huikokota rota, yaani sehemu inayozunguka.

Magari ya kwanza ya kampuni ya Tesla, Roadster ya 2008 na Model S ya 2012, yaliendeshwa na mota ya jamii hiyo hiyo.

Magari mengi ya umeme ya leo hutumia sumaku za neodimiamu. Ni ndogo na zina nguvu nyingi, ila joto huzidhoofisha, hivyo huongezewa disprosiamu. Aprili 2025, China ilibana uuzaji nje wa disprosiamu na madini adimu mengine 6. Kenya ina madini adimu yake Mrima, Kwale, lakini toka mwambani hadi sumaku ni safari ndefu.

Je, wajua kwamba BMW iX3 na Renault Zoe hupeleka umeme kwenye koili za rota yenyewe, ikawa sumaku pale tu inapohitajika? Jenereta kubwa za mvuke za Olkaria, ambazo ya kwanza ilianza kazi mwaka 1981, hufuata kanuni hiyo.

Katika gari la umeme, inverta ndiyo hugeuza umeme wa betri uwe wa fezi tatu na kuamua kasi ya uga. Ukiteremka kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa, mteremko uliokwisha kuua watu wengi, inverta huupunguza uga uzunguke polepole kidogo kuliko rota. Papo hapo mota ya induksheni hugeuka jenereta: gari linashikwa, umeme unarudi betrini, breki za magurudumu hazichemki. Na inverta ikizimika gari likiwa mbioni? Rota yenye sumaku ya kudumu huendelea kuzalisha volti zinazoweza kuiunguza inverta. Ya induksheni huzunguka tu. Kwa barabara zetu, naona hilo ni jambo kubwa.

Gharama yake ni joto, maana rota ya induksheni hupoteza umeme mwingi zaidi. Tena mota za kawaida hupimwa kwa matumizi yasiyozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali Nakuru iko takriban mita 1,850, ambako hewa nyepesi hupoza kidogo. Anayebuni gari la huku aanze na upozaji wa maji au mafuta.

Wewe fundi wa Naivasha, Gilgil au Molo unayezungushia upya koili za pampu na mashine za unga, nusu ya kazi ya mota hizi tayari unaijua. Jifunze inverta.