Vijana wa Goma na wandugu wao wa Afrika

Wengine wanatuuliza: vijana wetu wanaodai maji, wanatafuta nini kwa wageni? Tuwafasirie. Lucha ilianza hapa Goma mwaka wa 2012, ikidai kazi na maji bila silaha (ziwa liko mlangoni, na bidoni ni tupu!). Tarehe 15 Machi 2015, wandugu wa Y'en a marre wa Senegal na wa Balai Citoyen wa Burkina Faso walikutana nao Kinshasa. Serkali iliona uasi, ikawakamata wengi. Sisi hatuoni uasi: hata Lumumba alikwenda Accra, Desemba 1958, kusikilizana na Waafrika wenzake. Wageni walirudishwa kwao upesi. Mei 2016, kule Dakar, Amnesty International ilitolea vikundi vile vitatu zawadi. Fred Bauma wa Lucha alikuwa angali kifungoni.