Weka Msasa Chini

"Fundi, niitie rangi gani ili ipande bei?" Nimeulizwa tena wiki iliyopita, safari hii na Mkenya mkazi wa Texas aliyenunua bastola ya Colt M1911 ya mwaka 1918. Jibu ni lile lile: hakuna. Ukiing'arisha, umeishusha.

Watu wanadhani bastola kuukuu ni kama gari: nyoosha bodi, piga rangi, mnunuzi ataongeza dau. Mnunuzi wa silaha kongwe hana haja na mng'ao. Anashika lenzi, anakagua kingo za herufi zilizogongwa kwenye chuma, alama za mkaguzi wa jeshi, na midomo ya matundu ya pini. Msasa hula chuma. Herufi zinafifia, kona zinakuwa butu, matundu yanabonyea kama visahani. Rangi hupakwa upya. Chuma kilichokwenda na vumbi hakirudi.

Halafu kuna hao wa siki na Coca-Cola. Loweka usiku kucha, kutu kwisha! Itakwisha kweli, na bluu nayo itakwisha, kwa sababu bluu ya bastola yenyewe ni ndugu wa kutu: oksaidi nyeusi iliyooteshwa kiwandani kwa makusudi. Asidi haibagui kutu ya kiwanda na kutu ya sandukuni. Asubuhi unatoa chuma cha kijivu, unakipaka dawa ya bluu ya chupa, kinatoka mabaka. Nimeletewa za namna hiyo nyingi mno, na wenyewe hungoja niwasifu.

Chukua mfano wa Singer, hao hao wa cherehani. Mwaka 1941 walilitengenezea jeshi la Marekani bastola 500 tu za M1911A1, toleo la baadaye la M1911, za bluu, ilhali nyingi zilizofuata vitani zilitiwa fosfeti ya kijivu. Mwenye Singer akiitia fosfeti "ifanane na za jeshi", amechoma pesa zake kwa mkono wake. Lakini ile ambayo karakana ya jeshi lenyewe iliitia fosfeti upya, hiyo nayo iache: ndiyo historia yake.

Sasa ufanyeje? Kagua kwanza kuwa haina risasi kwenye magazini wala kwenye chemba. Kitambaa, mafuta laini, subira. Springi zilizochoka badilisha. Za zamani tia kwenye bahasha. Vibao vya kitako badili upendavyo, vya asili usitupe. Kutoboa ili ufunge kilengeo kipya, usithubutu. Risasi kali, hapana: slaidi za 1918 ni laini kuliko za leo. Na kama ilishakatwa, ikasuguliwa, ikaungwa kwa vipuri vya bastola tatu, ifanye utakavyo, ila kwa fundi mwenye leseni.

Yule Mkenya nilimrudishia yake kama ilivyokuja, nikamtoza pesa ya mafuta tu.