Seva ipo Frankfurt, wewe upo kafe: unaiendeshaje bila kuibiwa?

Leo tuingie kwenye ishu ya seva. Vijana wengi siku hizi wanapata vibarua vya kutunza tovuti: ya shule, ya duka la simu, ya kwaya. Tovuti yenyewe haikai kwenye kompyuta ya pale ofisini. Inakaa kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta inayowaka saa 24 kwenye jengo la kampuni fulani, labda Frankfurt, labda Cape Town ambako Amazon walifungua kituo chao mwaka 2020. Watu wanaita "wingu", lakini jina lisikudanganye. Ni vyuma, nyaya na mafeni, mali ya mtu mwingine, na wewe umekodi kipande.

Sasa unaifikiaje na wewe upo kafe umelipia nusu saa? Njia kuu inaitwa SSH. Unaandika ssh, jina lako na anwani ya seva. Ukishaingia, kila amri unayoandika inafanya kazi kule, sio kwenye mashine iliyo mbele yako. Hakuna picha wala mbwembwe, ni maandishi matupu, ndio maana hata intaneti ya mwendo wa kinyonga inatosha.

SSH ilitengenezwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki kule Finland. Chanzo chake ni wizi. Kuna mtu alitega programu kwenye mtandao wa chuo, ikawa inanasa maneno ya siri ya watu yakiwa njiani, maana enzi hizo yalisafiri wazi kama maandishi ya kwenye postikadi. Ylönen akaona dawa ni kuyafunga. Leo mwizi akikaa katikati ya njia anaambulia herufi zisizo na maana yoyote.

Hapo ndipo wengi tunapojipa moyo bure. SSH inalinda njia, hailindi kibodi. Kompyuta ya kafe imeguswa na watu kibao kabla yako, na programu ya kunasa kila herufi unayobonyeza inawekwa kwa dakika chache tu, tena huioni. Neno lako la siri linaibiwa kabla hata halijafika kwenye SSH. Aliyelinasa hana haja ya kurudi pale kafe. Usiku akiwa kwake anaingia, anachukua namba za simu za wazazi wote wa ile shule, au anaigeuza seva kuwa mtambo wa kutuma barua pepe za kitapeli. Mwenye tovuti atamtafuta nani? Wewe.

Kwa hiyo usiingie kwa neno la siri kabisa. SSH inakubali ufunguo. Amri ya ssh-keygen inakutengenezea jozi: mmoja wa wazi unauweka kwenye seva, mwingine wa siri unabaki nao. Ukitaka kuingia, seva inadai saini ambayo mwenye ule wa siri peke yake ndiye anaweza kuitia, na ufunguo wenyewe hausafiri. Wapo wanaoubeba kwenye flashi. Mimi naona ni kazi bure, maana ukichomeka flashi kwenye mashine ya kafe, mashine hiyo hiyo inaweza kuunakili. Bora simu yako. Android ina programu ya bure inaitwa Termux, unaweka openssh humo ndani, unatumia waifai ya kafe na kompyuta yao unawaachia wanaocheki barua pepe. Ufunguo nao uwekee neno lake la siri, simu hupotea daladalani kila siku.

Ukishaona ufunguo unafanya kazi, ingia kwenye mipangilio ya SSH ya seva, weka PasswordAuthentication no, kisha iwashe SSH upya. Hapa taratibu jamani: usifunge dirisha uliloingilia mpaka ujaribu kuingia kwa dirisha la pili likakubali. Kujifungia nje ya seva iliyoko bara jingine sio kama kusahau funguo za geto. Na jizoeze kutumia tmux, ili mtandao ukikatika katikati ya kazi, kazi iendelee kule kule na wewe uikute ilipofikia.

Seva moja unaimudu kwa mkono. Zikifika kumi, kila moja inataka masasisho yake ya usalama, utachoka na utaruka moja, na hiyo hiyo ndiyo itakayovamiwa. Hapo ndipo Ansible inapoingia. Michael DeHaan aliitoa mwaka 2012, na mwaka 2015 Red Hat wakainunua. Jina limetoka kwenye hadithi za Ursula K. Le Guin, ambako ni chombo cha kupeleka ujumbe papo hapo hata kwenye sayari za mbali.

Kinachonifurahisha ni kwamba haihitaji kuweka programu yake kwenye kila seva. Inapita kwenye ile ile SSH, na kwa kawaida kule inahitaji ikute Python tu. Unakuwa na faili lenye orodha ya seva zako, na faili jingine linaloeleza hali unayotaka: programu fulani iwepo, mlango fulani ufungwe. Ukiliandika vizuri, unaweza kulirudia mara kumi bila kuharibu kitu, kwa sababu kilicho sawa tayari kinaachwa.

Ila kinachosambaza dawa kwa seva kumi ndicho kinachosambaza sumu. Tarehe 28 Februari 2017, mfanyakazi wa Amazon alikuwa anaondoa seva chache za S3, ghala lao la mafaili lililoko Virginia, Marekani. Alifuata utaratibu uliokuwepo, kwa amri iliyozoeleka. Akakosea sehemu moja ya amri, zikaondoka seva nyingi kuliko alivyokusudia. Tovuti kibao za dunia ziliyumba kwa zaidi ya saa 4, na hata ukurasa wa Amazon wa kutangaza matatizo ulishindwa kubadilishwa, maana nao uliitegemea S3!

Baadaye walikirekebisha kile kifaa kiondoe seva polepole, na kikatae kabisa pale zinapokaribia kupungua kupita kiwango. Kwenye Ansible una vitu vinavyofanana na hivyo. Ukiongeza --check inakuonyesha itabadilisha nini bila kugusa, ingawa sio kila kazi inaweza kupimwa hivyo. Ukiongeza --limit unaijaribu kwenye seva moja kwanza. Na ukiandika serial: 1 ndani ya faili lako, inakwenda seva moja baada ya nyingine, ya kwanza ikigoma inasimama na zile tisa zinabaki nzima.