Miwani ya Kutazamia Picha: Tupime Macho Kwanza, Vifaa Baadaye

Mama mmoja alinijia hivi karibuni akiwa na mwanawe wa miaka 10, na mkononi ameshika kijisanduku kizuri kilichotoka kwa mjomba wa mtoto, ambaye anafanya kazi Muscat. Ndani mlikuwa na miwani nyeusi yenye waya. Ukiichomeka kwenye simu, unaona mbele yako picha kubwa kama ya sinema, nawe umekaa tu kitandani. Mtoto aliifurahia siku mbili, kisha akaanza kusema picha ina ukungu na kichwa kinamuuma. Mjomba akashauri kwa simu kwamba kumbe vinahitajika vifaa vya ziada: kifuniko cha kuzuia mwanga, kisanduku cha kutuliza picha, na waya mwingine ulio bora zaidi.

“Daktari,” mama akaniuliza, “hivyo vifaa vitaondoa huo ukungu, au miwani yenyewe ndiyo inayomharibia mtoto macho?”

Swali hilo ni jema, na kwa kuwa miwani hii imeanza kuingia nyumbani mwetu kwa njia ya ndugu walio nje, nimeona tulijibu hapa kwa nafasi.

Kwanza tuelewe kifaa chenyewe. Aina zinazoonekana zaidi ni XREAL, VITURE na Rokid. Ndani ya miwani, juu ya kila jicho, kuna kioo cha picha kidogo kuliko stempu ya barua. Mwanga wake unashuka, unagonga kioo kingine kilichoinamishwa, ndipo unaingia jichoni. Kwa kuwa kioo hicho cha pili hupitisha mwanga kidogo, unaona picha na nyuma yake unaona chumba. XREAL Air 2, iliyotoka mwaka 2023, ina uzito wa gramu 72 hivi, na bei yake Marekani ilipoanza kuuzwa ilikuwa dola 399. Haina betri, inakula umeme wa simu. Jambo hili tutalirudia.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Watu hudhani kwamba kwa kuwa kioo kiko sentimita chache tu kutoka jichoni, basi jicho linatazama karibu. Sivyo. Lenzi za ndani zimepangwa ili picha ionekane kana kwamba iko mbali, kama mita tatu au nne. Jicho linafanya kazi ileile ya kutazama ukuta wa upande wa pili wa sebule. Kwa hiyo mtu asiyeona mbali, yule ambaye akisoma kitabu hana shida lakini ubao wa darasani haumwelei, hataiona picha hii vizuri hata kidogo. Na mzazi aliyepita miaka 40, ambaye bila miwani ya kusomea hawezi kusoma ujumbe kwenye simu, ataiona picha safi kabisa, ila atahangaika kutafuta kitufe cha kubonyeza. Nimeona mzee mmoja akivaa miwani yake ya kusomea ndani ya hii, moja juu ya nyingine, na kulalamika kwamba Wachina wamemdanganya. Wachina hawakuwa na kosa. Aliyekosea ni yeye.

Basi nikamsimamisha yule mtoto mita sita kutoka kwenye ubao wa herufi. Mistari miwili ya juu aliisoma. Wa tatu akaanza kukunja uso na kubinya macho. Nikamwuliza anakaa wapi darasani. Mama akajibu kwamba mwalimu alimhamishia dawati la mbele tangu mwaka jana kwa sababu “anazubaa”. Tulimpeleka kwa mtaalamu wa macho, akakutwa na namba −2.25 kwa macho yote mawili. Maana yake ni kwamba kitu chochote kilicho mbali kuliko sentimita 44 hivi kinaanza kuwa na ukungu kwake. Miwani ya mjomba haikumharibia macho. Ilimfichua.

Nalisema hili kwa wazazi wote: mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Anadhani dunia ndivyo ilivyo. Vipo pia visa vya jicho moja zuri na jingine dhaifu, ambapo ubongo huzoea kulipuuza lile dhaifu mpaka likawa jicho vivu. Hilo hutibika kwa urahisi zaidi kabla mtoto hajafikisha miaka saba au minane; baadaye kazi huwa ngumu. Mtoto akisema picha yoyote, ya televisheni au ya miwani hii, ina ukungu, msikimbilie dukani.

Turudi kwenye vifaa vya ziada. Kipo kimoja ambacho nakisifu bila kusita, nacho ndicho rahisi kuliko vyote: fremu ndogo ya lenzi, inayopachikwa nyuma ya miwani upande wa macho. XREAL huiweka ndani ya boksi, na watu wengi huitupa wakidhani ni takataka za kufungashia. Fundi wa miwani wa mjini anaweza kukata lenzi za namba yako na kuziweka humo. Mpelekee cheti chako cha kipimo pamoja na kipimo cha umbali kati ya mboni moja na nyingine. Miwani za VITURE One na VITURE Pro zenyewe zina vigurudumu viwili vya kuzungusha, kimoja kwa kila jicho, vinavyorekebisha mpaka namba −5.00. Ni msaada mkubwa, lakini havirekebishi jicho ambalo umbo lake limepinda, yaani lile linaloona mistari ya upande mmoja vizuri na ya upande mwingine vibaya. Wala msimwachie mtoto azungushe mwenyewe mpaka aone vizuri na kuhesabu kwamba huko ndiko kupimwa.

Huo umbali wa mboni nao una neno lake. Kwa watu wazima wastani ni milimita 63 hivi. Mtoto ana nafasi ndogo zaidi, na miwani hizi zimetengenezwa kwa kichwa cha mtu mzima. Macho ya mtoto hayaangukii katikati ya lenzi. Kingo za picha zinafifia, na macho yanajikaza kuunganisha picha mbili. Hapo ndipo maumivu ya kichwa yanapotokea. Kwa vile vifaa vikubwa vinavyofunika macho yote, kampuni ya Sony inasema PlayStation VR2 isitumiwe na mtoto chini ya miaka 12, na Meta mwaka 2023 iliruhusu kuanzia miaka 10 chini ya uangalizi wa mzazi. Miwani hizi nyepesi ni tofauti kidogo, lakini mimi sioni sababu ya kumvisha mtoto wa shule ya msingi kwa zaidi ya filamu fupi moja. Na yule wa miaka miwili mpaka minne, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema mwaka 2019 kwamba jumla ya muda wake mbele ya kioo chochote usizidi saa moja kwa siku.

Kifuniko cha kuzuia mwanga ni kipande cha plastiki nyeusi kinachobandikwa mbele ya miwani. Aina nyingine, kama XREAL Air 2 Pro, hujitia giza zenyewe ukibonyeza kitufe. Kwa macho ni kizuri, kwani bila kifuniko mtu huongeza ukali wa picha ili ishinde mwanga wa dirisha. Hatari yake iko miguuni. Ukiwa umekivaa huoni kilicho mbele. Usikivae ukitembea, wala ukiwa jikoni karibu na jiko la mkaa na sufuria ya maharage. Na kijana wa bodaboda anayesubiri abiria akiwa ameivaa, ajue kwamba hata bila kifuniko picha inaziba nusu ya barabara. Aivue kabla ya kushika usukani.

Kisanduku cha kutuliza picha, kama XREAL Beam, kazi yake ni hii: bila hicho, picha hufuata kichwa. Ukigeuka kushoto nayo inageuka. Wapo wanaopata kichefuchefu kwa jambo hilo. Kisanduku huifunga picha mahali pamoja hewani, kama televisheni iliyotundikwa ukutani, na ukigeuza kichwa inabaki pale. Nyumbani kinasaidia kweli. Ndani ya basi mambo hugeuka. Kifaa hupima mzunguko, nacho hakijui kama kilichozunguka ni kichwa chako au ni basi lililokata kona. Picha huteleza pembeni, na wewe unaifuata kwa shingo. Sikio la ndani, ambalo ndilo linalotupa usawa, linasema tunakwenda kona, macho yanasema tumetulia, na tumbo linaamua ugomvi huo kwa kutapika. Kwa mtu anayechafukwa na safari, ushauri wangu ni mfupi: aiweke mkobani, atazame nje ya dirisha.

Wacheza gemu huongeza padi ya kushika mikononi, na hapa nitasema jambo jema. Kijana anayecheza kwenye simu huinamisha kichwa, na kichwa cha mtu kina uzito wa kilo tano hivi. Saa mbili za namna hiyo shingo inaumia. Akiwa na miwani na padi, anaweza kuegemea kiti kichwa kikiwa juu na mikono ikiwa mapajani. Kabla ya kununua padi na waya, hata hivyo, hakikisheni simu inaweza kutoa picha kupitia tundu la USB-C, maana simu nyingi za bei nafuu haziwezi. iPhone zina tundu hilo tangu iPhone 15 ya mwaka 2023. Mchezo wa Nintendo Switch wa mwaka 2017 hautoi picha kwenye miwani moja kwa moja. Unadai kifaa cha katikati chenye umeme wake. Steam Deck unachomeka na kucheza.

Nilisema miwani inakula umeme wa simu. Ndiyo maana watu hununua kiunganishi chenye matundu mawili, moja la miwani na jingine la chaja au pawabenki. Simu inayochajiwa huku inaonyesha picha na kuendesha gemu hupata moto sana. Msiiweke chini ya mto, wala kwenye godoro, wala mfukoni. Pawabenki iliyovimba, hata kama bado inachaji, isitumike tena. Ndugu wanaotuletea vifaa hivi kwa ndege wakumbuke kwamba pawabenki hubebwa katika mzigo wa mkononi, si katika sanduku linalokwenda chini, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, ambazo ni kama mAh 27,000.

Kuhusu sauti, spika za miwani ziko wazi karibu na sikio, na kwenye kelele mtu hupandisha mpaka mwisho. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa salama ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kwa watoto 75. Kama aliyekaa jirani yako anaisikia filamu yako neno kwa neno, punguza.

Wengi huuliza pia kama kuna mionzi. Ni mwanga tu, kama wa televisheni. Wauzaji watawapa na kioo cha ziada cha kuzuia mwanga wa buluu. Uchunguzi wa Cochrane wa mwaka 2023, uliokusanya majaribio mengi, haukuona kwamba lenzi hizo zinapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Bakini na fedha zenu. Macho huchoka hasa kwa sababu mtu akitazama picha husahau kupepesa, na jicho linakauka. Kila baada ya dakika 20 vua, tazama mbali nje kwa sekunde 20, pepesa. Mwenye kifafa aulize daktari wake kabla, kwani wachache kati yao hushtuliwa na mwanga unaomweka haraka. Japani, tarehe 16 Desemba 1997, kipindi kimoja cha katuni kilipeleka hospitali watoto zaidi ya 600 jioni moja.

Kitu kidogo mwisho: vile vimpira vya puani. Nyumba yenye watoto watano huvaa miwani moja kwa zamu. Mnakumbuka Januari 2024, macho mekundu yalivyoenea Dar es Salaam. Jicho likiwa jekundu au linatoa tongo, zamu ya huyo isimame mpaka apone, na vimpira vifutwe kwa kitambaa safi chenye maji na sabuni kidogo kabla ya mwingine kuvaa.

Yule mtoto amepata miwani yake ya kawaida, fremu ya buluu aliyoichagua mwenyewe. Fedha ambazo mjomba alizitenga kwa kisanduku na waya ndizo zilizolipa. Nimewaambia wazazi wampe angalau saa mbili za kucheza nje mchana kila siku. Taiwan imekuwa ikifanya hivyo katika shule zake tangu 2010 ili kuchelewesha kutoona mbali kwa watoto. Lenzi za ile miwani ya mjomba tumeamua zisikatwe bado, kwa kuwa namba ya mtoto anayekua hubadilika. Atapimwa tena baada ya miezi sita, na mwalimu amemrudisha dawati la nyuma.